Zakayo na Chupa Niliyoiosha Mimi

Jamani, Zakayo alituacha jana asubuhi. Nimeambiwa mara tatu, na bado nasubiri mtu aje aseme walikosea.

Wengi mnamjua kama mwalimu wa kemia mwenye sauti iliyofika hadi dawati la nyuma. Mimi nilimjua kijana wa shati moja jeupe, mpangaji wa chumba kilichopakana na chetu pale Kangemi, miaka ya hamsini ikielekea mwisho.

Nilikuwa bibi harusi wa wiki tano. Oh, Daudi wangu! Karani wa mjini, baiskeli nyeusi, ananipakia mbele ya watu wote bila haya. Nikisikia kengele yake tu, nasahau sufuria motoni.

Zakayo, rafiki yake tangu kwao, hakutuhurumia. "Shemeji, leo tena tunakula mboga iliyoungua kwa mapenzi?"

Lakini alikuwa na mzigo moyoni. Chuoni alipaswa kufanya utafiti na kuueleza mbele ya walimu. Mara ya kwanza alisoma karatasi kichwa chini, sauti haitoki, wakamkatiza katikati. Alipewa nafasi moja tu zaidi. Akishindwa, anafunga sanduku anarudi nyumbani.

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari, alinifanya audience. Mimi namenya viazi, yeye amesimama mlangoni anahutubia.

"Umeelewa, shemeji?"

"Nimeelewa kwamba umevaa tai."

Anacheka, anaanza upya. Kila neno gumu nililolikataa, alilitafutia jingine jepesi.

Utafiti wake ulikuwa wa maji: bomba la Parklands, mto wa upande wa Loresho, visima vyetu vya Kangemi. Aliniomba nimsafishie chupa za kuchotea. Niliziosha zote kwa upendo, kama vyombo vya harusi.

Siku moja kabla ya presentation, alisimama mlangoni kwa mara ya mwisho. Safari hii nilielewa kila kitu. Akasema kisima cha kanisani kina magadi kupita maji yote aliyopima. Hayo ndiyo yaliyokuwa matokeo yake makubwa, fahari yake.

Nikauliza, "Magadi kama yale tunayotia kwenye mboga ya mrenda ilainike? Ya maji ya majivu?"

"Hasa! Ndugu yake kabisa."

Kisu kikanidondoka. Chupa moja ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa, nikaisugua kwa majivu kama tulivyofunzwa nyumbani. Na maji ya kusuuza niliyabana, maana nilikuwa nimeyabeba kichwani kutoka bondeni.

"Zakayo, nadhani hayo magadi niliyatia mimi."

Alikaa chini kwenye debe. Hakunifokea. Nililia mimi. Kurudia vipimo hakukuwezekana, lab ilikuwa imefungwa. Daudi aliporudi kutoka kazini akamwambia, "Ndugu yangu, nani atajua? Sema ulivyoandika." Zakayo akatikisa kichwa tu.

Kesho yake Daudi aliomba ruhusa kazini, tukaenda mjini, tukasimama nje ya dirisha la darasa. Nilimshika mkono mume wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

Tukamsikia. Kichwa juu! Aliwaambia, kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mimi nilikifuata, kwamba matokeo ya kisima cha kanisani yasihesabiwe. "Nilipokea chupa bila kuuliza imeoshwa kwa kitu gani. Kosa ni langu." Kisha akaeleza jinsi majivu yanavyoweza kudanganya kipimo.

Halafu mwalimu mmoja akauliza, "Uligunduaje?"

"Nilimweleza mtu mpaka akaelewa, bwana. Alipoelewa, yeye ndiye aliyeliona kosa."

Walimpa wiki mbili arudie vipimo. Akabaki chuoni. Mengine mnayajua ninyi mliokaa mbele yake darasani.

Daudi amekaa hapa kando yangu. Ananiita bibi harusi hadi leo, na leo analia kama mtoto.

Shemeji, walimu walikuuliza nani aliosha, hukusema. Wanafunzi wako, kila ulipowasimulia kisa cha chupa, walikuuliza miaka yote hiyo, ukawa unacheka tu. Ulijua ningeona haya. Sasa nasema mwenyewe, mbele ya watu wote: ni mimi. Na uliponikinga, ulikuwa na kila kitu cha kupoteza.

Asante, Zakayo. Pumzika sasa, shemeji yangu. Lala kwa amani.