Ubao wa Mirabaraba Kwenye Stoo ya Kahawa

Mume wangu alipostaafu ubwana mifugo, aliniomba stoo ya kahawa. Niseme kweli, hakuomba: niliamka nikakuta magunia yangu yamerundikwa jikoni, na yeye yuko stoo anapigilia meza. Eti karakana. Hee! Mtu aliyechoma sindano ng'ombe wa Ihanda nzima, lakini kiti cha kwetu kikivunjika mguu anakiegemeza ukutani na kunionya nisikikalie.

Sikugomba. Tangu astaafu alikuwa anaamka, anang'arisha viatu vyake vya kazini, kisha anakaa navyo barazani, hana pa kwenda. Iliniuma sana kumtazama. Nikasema moyoni, acha achezee mbao. Lakini kahawa shambani ikaanza kuiva, na maganda, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, hayalali nje kwenye mvua. Ndipo nikamwekea sharti.

"Mzee, tengeneza kitu kimoja tu cha kutundika sebuleni. Kikifaa, stoo ni yako. Kikiwa na kasoro, msumeno nje, kahawa ndani."

"Hata kesho," akasema. Angetengeneza ubao wa mirabaraba kama ule wa drafti, ila huu uwe pambo la ukutani.

Kesho yenyewe ilichukua majuma. Aliokota vipande vya mninga mwekundu na msonobari mweupe kwa mafundi wa vitanda, akavipasua vikawa fito, akazigandisha kwa gundi: mninga, msonobari, mninga, msonobari. Akazikaza kwa mipira ya baiskeli. Gundi ilipokauka akazikata tena kwa upana zikawa mistari, na kila mstari wa pili akaugeuza ili mninga uangukie kwenye msonobari. Nilipompelekea chai nilimkuta anapiga mluzi, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Nikamwambia amezeeka ghafla. Alicheka mpaka akapaliwa.

Siku alipouleta sebuleni, umepakwa vanishi, kosa nililiona palepale. Mstari wa chini kabisa hakuugeuza. Mninga umekaa chini ya mninga, msonobari chini ya msonobari, hivyo vyumba vya chini vikaonekana virefu kuliko vingine.

"Una kasoro?" akauliza. Hakunitazama.

"Kasoro ipi? Kumbe una mikono, mzee!"

Nikautundika mwenyewe, tena chini chini, ili maua ya plastiki yaliyo juu ya kabati yauzibe mstari ule.

Jumapili baada ya ibada akaja wifi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Kituntu. Huyo hajasifu kitu tangu azaliwe; hata kwenye harusi yetu alisema ndizi hazikuiva. Nikamwamkia, nikamwekea kahawa ya kutafuna kama desturi ya kwetu. Akatafuna, akauangalia ukuta, akainuka na kusogeza maua.

"Huu mstari wa chini vipi? Fundi alisinzia?"

"Ndio mtindo wa siku hizi, wifi," nikadakia. "Mjini ndivyo wanavyotengeneza."

"Mji gani?"

Nikayarudisha maua mahali pake. Mume wangu akautazama ubao, akanitazama mimi, akainamia kikombe chake cha chai.

Asubuhi sikusikia mluzi. Nikatoka nje, nikamkuta anapakia randa na misumeno kwenye toroli. Miguuni amevaa vile viatu vya kazini, vinang'aa.

"Ahadi ni deni, mama," akasema. "Kosa nililiona kabla ya vanishi, nikaogopa kukwambia. Lete maganda yako."

Loo, ningeweza kushinda siku ile! Stoo ilikuwa yangu, na kahawa ilikuwa inaningoja. Lakini viatu vile vilinimaliza nguvu. Nikaishika toroli.

"Rudisha ndani. Kahawa nimeshaipatia mahali."

"Wapi?"

"Chumbani. Upande wako wa kitanda."