Alipewa Muhogo?

Wiki iliyopita, mtaani Kwa Mathias, nilikuta kina mama wakingojea mtihani wa akili wa kuajiriwa kiwandani: unapachika vibao vya maumbo kwenye matundu yake huku saa inakwenda. Aliyetangulia kutoka hakwenda zake. Alichonga muhogo mbichi kwa maumbo ya nyota na pembetatu, akachimba matundu mchangani ili wenzake wajizoeze.

Msimamizi, kijana nadhifu, akatokea. "Ndugu zangu, mnaonyeshana majibu!"

"Mwanangu, mwali anatolewa nje kabla hajafundwa?" akauliza mama mmoja mtu mzima, muhogo mkononi. "Wewe mara ya kwanza uliviweza hivyo vibao?"

Kijana akacheka, akachuchumaa. "Vilinishinda. Hiyo nyota igeuze kidogo."

Kuanzia leo, mkiniambia fulani hana akili, nitauliza kwanza kama alipewa muhogo.