Tumbo la Kondoo Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Binti yangu Nasimiyu alichaguliwa kughani shairi mbele ya shule kadhaa mjini Bungoma. Ndiyo sababu nilitoka nyumbani, mimi ambaye hata safari fupi ya kwenda Suam hunikosesha usingizi.

Shule yake ina urafiki na shule moja ya Uskoti, na siku hiyo watoto walikuwa wakimsherehekea mshairi wa taifa la huko. Wavulana huvaa sketi za mirabaraba na hakuna anayewacheka. Zumari hulia, kisha huletwa hagisi, yaani tumbo la kondoo lililojazwa maini, moyo na nafaka ya oti, likashonwa na kuchemshwa. Mtoto huliimbia sifa tumbo hilo, halafu hulipasua kwa kisu. Mtoto huyo alikuwa wangu.

Kitale, alfajiri. Sufuria ya hagisi iliwekwa miguuni pangu ndani ya basi la shule. Kondoo alikuwa amechinjwa na mchinjaji wa karibu na msikiti, ili watoto wote wale bila wasiwasi. Wasiwasi nilibaki nao mimi.

Kiminini, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wangu, kutoka Myanga.

"Mama Nasimiyu, ati mtoto ataongea na matumbo ya kondoo? Na kisu mkononi?"

"Mama, ni mambo ya shule tu. Ni chakula ya Waskoti."

"Chakula haiongeleshwi! Nakuja Bungoma. Nikiona ni ile mambo, narudi na yeye Myanga, na hiyo shule msahau."

Ile mambo niliijua. Kwao wazee husoma matumbo ya mnyama ili waone yajayo. Mara ya mwisho waliposoma, Nasimiyu akiwa bado mgongoni, waliona kaburi. Mume wangu hakufikia mavuno. Binti yangu sikuwa nimewahi kumwambia. Kutoka hapo hadi Webuye sikuiona barabara. Niliiona sufuria tu, kifuniko kikigonga kila tulipopita tuta.

Bungoma, adhuhuri. Mwalimu mwenyeji wetu, Madam Naliaka, alinishika mkono.

"Karibu sana. Mbona huachii hiyo sufuria? Si ni sherehe, bana!"

Nilicheka kwa meno tu. Mama mkwe alikuwa ameshafika, ameketi mstari wa mbele, mkoba magotini.

Zumari ikalia kwenye spika. Wavulana wakaingia na sketi zao, wamebeba kwenye sinia tumbo lililopashwa moto. Nasimiyu akaghani bila kukosea, akainua kisu. Nilitaka kupiga kelele aache. Kisu kikazama, mvuke ukapanda, watoto wakashangilia.

Ndipo mama mkwe akainuka. Makofi yakazimika. Akaenda mpaka mezani, akainamia lile tumbo lililofunguka, akalitazama kwa muda mrefu.

"Limesema nini?" akauliza.

Nilifumba macho.

"Halijasema kitu, Kukhu," Nasimiyu akamjibu bibi yake. "Mimi ndiye nimesema. Nimeliambia ni tamu, na asante kwa kutushibisha. Si hiyo tu ndiyo shairi? Onja."

Bibi akachota kwa vidole, akatafuna polepole.

"Chumvi ni kidogo," akasema, akarudi kuketi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimeng'ang'ania kiti cha mtu.

Jioni, kabla ya kuondoka, mama mkwe alikuja mlangoni mwa basi.

"Niko na kondoo pale Myanga. Likizo mlete huyu. Nikichinja, yeye ndiye ataongea. Hao wazee wanyamaze."

Basi lilipoanza kwenda Nasimiyu aliniuliza, "Mama, wazee gani?"

Safari ile ilinifundisha kwamba hofu niliyodhani ninamkinga nayo ilikuwa ikinila mimi mwenyewe. Tulipokaribia Kiminini nilimweleza yote, habari za matumbo na za baba yake. Aliiegemea sufuria tupu. Kisha akaniuliza kama baba alipenda chumvi nyingi.