Waya au Mafuta

Juzi nilipeleka gari langu kuukuu kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, lile nililolinunua kwa kulipenda tu. Fundi, kijana wa watu, akaingia chini, akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi. "Mama, klachi tuiache ya mafuta au tuibadilishe iwe ya waya?" Nikamwambia weka yoyote, ila uanze leo. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Basi ngoja nikueleze wewe, maana yeye nilishindwa kumweleza.

Enzi za Ujamaa tulikaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, majiko ya mkaa yamepangwa uani. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa kutoka Kilwa kutibiwa mgongo. Hospitali ilipomaliza naye akasema neno moja tu: nirudisheni kwangu kabla ya masika. Basi la kusini asingeliweza, alitakiwa alale kiti cha nyuma. Na mvua ikishika, njia ya Rufiji haipitiki. Tegemeo lilikuwa gari la baba, na gari la baba halikuwa na klachi.

Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza. Ukikanyaga pedali ya gari lile, mafuta yalisukumwa ndani ya kibomba mpaka kwenye giaboksi. Sasa mipira ya ndani ilikuwa imekwisha, mafuta yanavuja, na madukani hakuna mipira wala mafuta yenyewe. Jirani wa chumba cha mbele, fundi baiskeli, akasema ng'oa takataka zote hizo, funga waya wa chuma kutoka pedali mpaka chini, ukikatika unaunga hata porini. Baba akakubali. Jioni akaja mzee mmoja wa karakana ya reli, akacheka sana. Waya utalegea hujafika Kibiti, alisema, na mguu utakufa ganzi kwa uzito wa pedali; subiri mipira, inakuja na meli. Baba akamkubalia na yeye.

Mtu akishakubali yote mawili afanyeje? Siku zile jibu lilikuwa moja: kikao. Balozi wetu wa nyumba kumi akaita watu uani, mwenyekiti yeye mwenyewe, ajenda klachi. Jamani! Mikeka, kahawa chungu, kashata, moshi wa mkaa unatutoa machozi. Mama wa chumba cha nyuma, ambaye maishani mwake alikanyaga pedali ya cherehani tu, alitetea mafuta kwa ukali ajabu. Mwalimu wetu wa shule akauliza kama waya si kurudi nyuma kimaendeleo. Fundi baiskeli akaruka: mafuta yanatufanya tungojee meli za watu, kujitegemea ni waya! Makofi. Nami nilipigia makofi pande zote mbili. Mwisho balozi akatangaza kwamba hatujaafikiana, tukutane tena Ijumaa. Ijumaa tukakutana, tukaahirisha tena.

Bibi alisikiliza yote akiwa kitandani. Kila kikao kikianza aliniambia nimpangie kanga zake kikapuni, kikivunjika nazitoa.

"Wamekata shauri gani?"

"Sijaelewa, bibi."

"Mimi waya siujui, mafuta siyajui. Mimi najua kwangu."

Kweli sikuelewa, na mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi. Baba akiingia kumjulia hali alikuwa hamtazami usoni. Aliogopa waya usije ukakatika porini, mama yake akalala njiani. Aliogopa pia kungojea. Masikini baba, alikuwa akiongea peke yake hata akinawa mikono.

Mvua ikawahi. Asubuhi moja bonde la Jangwani kote maji, na zikaja habari kwamba magari ya kusini yamerudishwa njiani. Baba akatoka bila kunywa chai, hakuita kikao, akafunga waya yeye na fundi baiskeli. Gari likawaka, likazunguka mtaa vizuri tu. Tukashangilia, halafu tukakumbuka kwamba hapakuwa na pa kulipeleka.

Bibi alifariki masika hayohayo. Wanaume wa uani, wa waya na wa mafuta, walipokezana jeneza mabegani, kwa miguu kwenye matope, mpaka makaburini. Baba alikuwa mbele, hakubali kupokewa.

Nyumba ile sasa ni ghorofa la maduka ya simu, na aliye duka hili hamjui wa lile. Nani leo ataacha shughuli zake aje kubishania klachi ya mwenzake? Kilwa nayo imekuwa jirani: unatoka Dar asubuhi, mchana unakula huko, lami tupu, mto Rufiji una daraja, unauvuka huku unatafuna karanga. Mimi kila nikifika pale katikati ya daraja machozi hunitoka, na wallahi sijui namlilia bibi au nawalilia watu wale wa uani, waliotupenda mpaka wakatuchelewesha.