Dumu la Kasiani

Inatangazwa kwa wananchi wote, wakulima, wafanyakazi na wasio na kazi, na hasa hao wasio na kazi kwa kuwa wanatafutwa: kwamba mwaka wa themanini na tatu, katika nyumba kumi za Mzee Fakihi, Mtoni, wilaya ya Temeke, amegundulika mtu mwenye gari lake binafsi pamoja na galoni mbili za mafuta, wakati waheshimiwa wenyewe wanasukuma yao mpaka kituoni. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu. Mtu huyo anaitwa Kasiani, alikuwa mpishi, na gari lake liko chini ya kitanda.

Kasiani mwenyewe hakuwa na habari kwamba amekuwa mtu mkubwa hivyo. Alitoka Newala kijana, akajifunza kukaanga yai upande mmoja tu, na kwa miaka minane akampikia mtaalamu mmoja wa kigeni wa visima, huko Oysterbay. Mtaalamu alichimba visima vingi sana kwenye karatasi. Siku za mapumziko alisimama kibarazani ameshika kisanduku chenye eriali, akiendesha kigari cha kuchezea chenye injini ya kweli yenye ukubwa wa ndimu, kikizunguka bustani na kulia kama nyigu. Mkataba ulipokwisha akagawa vitu. Dereva akapata jiko la umeme. Mlinzi akapata godoro. Kasiani, ambaye ndiye aliyemlisha, akapewa kigari na dumu la mafuta yake.

“Haya ni spiriti na mafuta ya nyonyo, yamezeeka,” mtaalamu alimwambia. “Yameingia unyevu, hayafai tena. Yatupe, lakini mbali na visima. Na mtu asionje hata tone. Yanapofusha macho, yanaua.”

Kasiani akasema asante. Mafuta hakuyataka wala kigari hakukitaka. Alitaka dumu. Asiyeuishi mwaka ule hawezi kuelewa: dumu zima, lenye mfuniko wake wa kuzungusha, si gunzi lililochomekwa mdomoni. Kwa maji ya kufulia lingetosha mno. Ya kunywa hapana, hakuwa mjinga. Bombani alikuwa akipanga foleni na ndoo iliyozibwa tundu kwa sabuni, na sabuni yenyewe haipatikani.

Shida ikawa pua. Bi Wahiba, muuza vitumbua wa chumba cha mbele, alisikia harufu kabla hajamwona mtu.

“Kasiani kaka’angu, zito hilo. Umepata mafuta ya kula?”

“Si ya kula, dada.”

“Mh.”

Ile “mh” ilifika kwa balozi kabla Kasiani hajavua viatu. Mzee Fakihi, balozi wa nyumba kumi, akaingia na daftari lake la jalada gumu, lile ambalo shaka zote za nyumba kumi zililala humo kwa tarehe.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Ndani ya dumu mna nini?”

“Mafuta.”

“Ya nini?”

“Ya gari.”

“Gari la nani?”

“Langu.”

“Liko wapi?”

“Chini ya kitanda.”

Kalamu ilisimama. Katika miaka tisa ya ubalozi Mzee Fakihi alishakuta sukari ndani ya mto wa kulalia na vitenge ndani ya mtungi, lakini hili lilikuwa jipya. Kasiani akakivuta kigari. Mzee akakitazama, akamtazama mwenye nacho. Mtu mzima, hana kazi, ana kigari cha mtoto chenye mafuta ya kweli? Hiyo ilikuwa zuga, tena zuga ya mtu aliyesoma.

“Na hiki chenye eriali?”

“Ndicho kinachokiongoza. Hakina waya, Mzee. Kinaongea nacho hivihivi, kwa hewa.”

“Kinaongea,” aliandika Mzee Fakihi, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Kufikia alasiri Mtoni nzima ilijua kwamba Kasiani anaongea na makaburu.

Hapo ndipo Kasiani alipoanza kuogopa, maana kulikuwa na suala la barua. Bwalo moja la wapakuzi wa meli kule Kurasini lilitaka mpishi, na lilimpa mpaka Jumatatu asubuhi apeleke barua ya balozi kwamba yeye ni mkazi mwema. Bila barua hapati kazi. Bila kazi, karandinga la Nguvu Kazi, ule msako wa wasio na kazi, lingemzoa na kumshusha kwenye shamba la pamba, na pamba aliijua kwenye shuka tu.

“Barua utapata nikiridhika,” alisema Mzee Fakihi. “Na dumu lisiguswe. Ni kidhibiti. Ukimwaga, umeharibu ushahidi.”

“Nikikaa nayo je?”

“Umeficha bidhaa.”

Kesho yake akaja Jabiri, mgambo wa mtaa, mtu wa kunusa. “Gongo hii, tena daraja la kwanza! Mie hainidanganyi. Nipe kikombe niipime kwa niaba ya umma.”

Kasiani akamnyang’anya kikombe. “Utapofuka, Jabiri! Hii inaua!”

“Mnamwona? Anaibania!”

Tangu hapo Kasiani akashinda amelikalia dumu kama kuku anayeatamia, akishuku kila kinachopita. Kwa nini Bi Wahiba anafagia mlango huu mara nne kwa siku? Kwa nini Jabiri, aliyekuwaga hamsalimii, sasa anamwita “ndugu yangu wa damu”? Ijumaa hakuvumilia tena. Akaenda kwa balozi, akaomba yachomwe hadharani, umma ushuhudie wenyewe ni kitu gani.

Mzee akapanga Jumapili, saa tisa alasiri, kiwanja cha mchanga nyuma ya soko. Kwanza kigari kiwashwe, ndipo mafuta yachomwe.

Watu walifurika. Kasiani alishajaza tangi la kigari Jabiri aliponyoosha mkono.

“Mzee, leo Jumapili. Saa nane imeshapita.”

Ilikuwa amri ya serikali: kubana mafuta, magari binafsi yasitembee Jumapili baada ya saa nane mchana. Mzee Fakihi akakitazama kigari, urefu wake kiasi cha mkono.

“Amri haikutaja urefu,” akasema. “Kiwashwe, lakini kisitembee.”

Kasiani akaazima betri ya tochi ya balozi, akaiunga kwenye plagi ya injini, akavuta kamba ya kuwashia. Kigari kikakohoa, kikatoa moshi mweupe unaonuka mafuta ya nyonyo, kikafa. Akavuta tena. Kikafa tena.

“Yameingia maji,” alisema.

“Kama ya kituoni!” sauti ikatoka nyuma, watu wakacheka kwa uchungu.

“Kwa hiyo si petroli?” Mzee aliuliza.

“Si petroli.”

“Wala si gongo?”

“Wala si gongo.”

“Basi ni kitu kibaya zaidi,” alisema Bi Wahiba.

Kasiani akamwaga yote kwenye shimo la mchanga, akakung’uta dumu mpaka tone la mwisho, akaliweka mbali nyuma yake. Akawarudisha watu nyuma, akafunga kitambaa kwenye ufito mrefu, akakiwasha, akakitumbukiza shimoni kikazama. Jua lilikuwa kali. Hapakuonekana moshi wala mwali.

“Haiwaki!” Jabiri alipiga kelele. “Gongo ya maji hii!”

“Msisogee! Inawaka! Moto wa spiriti hii mchana hauonekani!”

Kicheko kikalipuka. Mzee Fakihi hakucheka.

“Miaka tisa,” alisema, “naambiwa sukari ipo ila haionekani. Mchele upo ila hauonekani. Leo unaniletea moto?”

Akanyoosha mkono juu ya shimo, daftari mkononi, ili amuumbue. Daftari likaanza kuwa jeusi pembeni, lenyewe tu. Kurasa zikajikunja. Mzee akaruka nyuma akiliachia, na shaka zote za nyumba kumi, za miaka tisa, zikatumbukia shimoni. Bi Wahiba, ambaye sukari yake iliandikwa humo, alipiga kigelegele kisha akajifanya anakohoa. Ndipo mafuta ya nyonyo yaliyobaki chini yakashika, mwali wa manjano ukapanda na moshi mweusi, kila mtu akauona.

Mzee Fakihi akaukagua mkono wake. Vinyweleo tu vilikuwa vimeungua. Akafikiri. Kesi isiyo na daftari itasomwaje? Na tawini wakiuliza daftari la Chama limeunguaje mkononi mwa balozi?

“Daftari limeliwa na mchwa,” aliwatangazia. “Kuna aliyeona vingine?”

Hakuna aliyeona vingine. Barua ikaandikwa pale pale, kwenye karatasi ya kufungia vitumbua: Kasiani ni mkazi mwema. Muhuri ukagongwa juu ya doa la mafuta ya kula. Kasiani akaikunja mara nne, akaitia mfukoni na kuushikilia mfuko.

Heshima ilihitaji kurudishwa, kwa hiyo Mzee akasafisha koo.

“Ndugu wananchi! Leo tumeishuhudia hila ya adui ikiteketea mbele ya umma wenye macho! Ndugu Kasiani, wewe uliyekuwa kiini cha jambo hili zito, una neno gani kwa taifa?”

Kasiani akageuka kutazama nyuma.

“Jabiri, toa pua kwenye dumu langu.”