Parachichi la Vifaranga

Kila nikipita mbele ya duka la pembejeo na kuisikia ile harufu ya pumba iliyochanganywa na dagaa waliosagwa, huongeza mwendo. Wenzangu hudhani nasumbuliwa na uvundo. Si uvundo, ndugu msomaji. Ile ndiyo harufu ya jiko letu pale Bulyaga, Tukuyu mjini, mwaka ule mama alipoleta vifaranga hamsini wa kisasa ndani ya boksi lenye matundu, nami nikiwa na miaka minane na kiherehere cha kuwatosha watoto kumi.

Zilikuwa nyakati za ruksa. Biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na kila aliyekuwa akitegemea mshahara wa serikali anatafuta kitu cha pembeni. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walimu wenzake waliuza maandazi saa ya mapumziko. Yeye akasema atafuga kuku wa mayai, na alivyolisema jambo hilo ungedhani anatangaza baraza jipya la mawaziri.

Tatizo lilikuwa baridi. Mvua ya Tukuyu haiji ikaondoka, inahamia. Kwa hiyo vifaranga waliishi jikoni, wamezungushiwa makaratasi ya maboksi, na katikati yao liliwekwa jiko la mkaa lisilotakiwa kuzima usiku wala mchana. Kazi ya kulitunza alipewa Atupele.

Atupele alikuwa binti wa mjomba wangu wa Ikuti, msichana wa miaka kumi na sita, mpole, mwenye vidole virefu. Mama alimleta kwetu ili asubuhi asaidie nyumbani na mchana ajifunze kushona kwa fundi mmoja karibu na soko. Cherehani ilikuwa imemwingia moyoni. Akiosha vyombo alikuwa akikanyaga sakafu kwa mguu mmoja, polepole, kama aliyekalia mashine. Wiki zile za vifaranga alilala nao jikoni na kuamka mara kwa mara kuongeza mkaa.

Mama alituwekea amri moja. Vifaranga wasipewe kitu chochote isipokuwa chakula cha kwenye gunia. "Hawa si kuku wa bibi yenu," alisema, akinitazama mimi.

Mimi niliwaonea huruma. Kila siku unga uleule! Nje kulikuwa na mparachichi ulioangusha matunda tangu alfajiri hadi jioni, na wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba parachichi ni kitu cha kuuza. Tulikula tukachoka, tukawapa nguruwe, na nguruwe wa Tukuyu walinenepa hadi wakang'aa. Mbwa wa jirani aliyaiba kwa mapenzi makubwa. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: kinachomnenepesha nguruwe kitashindwaje na kifaranga?

Basi, nikitoka shule, kabla mama hajarudi na Atupele akiwa kwa fundi, niliponda parachichi juu ya kifuniko cha sufuria na kukisogeza katikati yao. Siku ya kwanza walikimbia. Siku ya pili mmoja akadonoa, wengine wakamfuata, na baada ya hapo walikuwa wakisikia hatua zangu wanakuja mbio, wanakanyagana. Nilikuwa nawafuta midomo kwa pindo la sketi yangu ili mama asione ukijani. Nilijiona mama yao, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena.

Jumatatu tukakuta mmoja amekufa. Jumanne wanne. Walijikunyata, mbawa zimeshuka, wanahema kwa midomo wazi. Mama alishika jiko, akachokoa majivu, akasema Atupele analala mno.

"Jiko halikuzima, shangazi," Atupele akajibu kwa sauti ya chini.

Mama alilisikia jibu hilo kama ukaidi. Tangu hapo nyumba ikawa nzito. Mama aliamka kabla jogoo wa jirani hajawika, akaenda kupapasa jiko, akalikuta lina moto, naye badala ya kutulia akazidi kukasirika. Atupele macho yalimwiva kwa kukosa usingizi. Nami, Mungu anisamehe, niliwahurumia wagonjwa nikawaongezea dawa. Nilichagua parachichi lililoiva vizuri kuliko yote, nikamlisha kila aliyelegea kwa ncha ya kidole.

Alhamisi walibaki ishirini na wawili. Mama akamwambia Atupele kwamba Jumamosi atarudi kwao Ikuti, na habari za kushona ziishie hapo. Atupele alikuwa anasuuza vikombe. Mguu wake ukatulia sakafuni.

Ijumaa akaja bwana mifugo, mtu wa Usukumani aliyelalamikia baridi yetu tangu mlangoni. Akatandika gunia, akampasua kifaranga mmoja mfu, akabonyeza kifuko cha shingoni. Uji wa kijani ukatoka. Akasema hawa hawakuuawa na baridi. Ni parachichi, na parachichi kwa ndege ni sumu, tena kwa wadogo kama hawa. Akauliza nani anawapa.

Mama akamgeukia Atupele. Atupele akasema hajui. Kisha macho yake yakashuka taratibu hadi kwenye pindo la sketi yangu, yakakaa hapo. Nililikunja pindo ndani ya ngumi. Nilisubiri anitaje. Hakunitaja.

"Kumbe si usingizi tu," mama akasema. "Unanihujumu."

Jumamosi asubuhi nilimkuta Atupele jikoni. Mfuko wake wa nguo, ule wa salfeti uliowahi kutiwa mbolea, ulikuwa umefungwa, umesimama kando ya mlango, naye alikuwa ameinama, anawapulizia moto vifaranga waliobaki. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikaenda mezani kwa mama, nikasimama mbele ya kikombe chake cha chai.

"Mama, parachichi niliwapa mimi. Kila siku."

Nilisubiri kofi. Mama aliweka kikombe chini, akanipita, akaenda jikoni. Alimwambia Atupele aurudishe mfuko ndani. Atupele akapiga magoti, kama alivyozoea kuzungumza na mkubwa, akatazama chini.

"Hapana, shangazi. Siku zote hizi mlisema ni mimi. Hata mara moja hamkuniuliza."

Mama akainama, akauchukua ule mfuko wa salfeti, akajitwisha kichwani, akatoka.

Tulipita Bulyaga yote hivyo hadi barabarani kunakosimama magari ya Ikuti. Mama mbele na mzigo, Atupele nyuma yake mikono mitupu, nami wa mwisho. Wanafunzi wa mama walimwamkia, wakabaki wameduwaa. Nilidhani mfuko ni mzito kwa Atupele. Lakini ndani mlikuwa na magauni mawili na kanga moja. Hata mimi ningeweza kuubeba.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa nilichokiona. Kwetu mkubwa hambebei binti mzigo, binti akatembea hivihivi. Mama hakuwa na desturi ya kumwomba mtoto radhi, hata maneno yake sidhani kama aliyajua, ndiyo maana aliamua watu wamwone. Atupele alielewa, kwa sababu hakuupokea mfuko mpaka gari lilipofika. Lakini hakubadili nia, akapanda.

Mimi nilielewa kimoja tu asubuhi ile. Hakuna aliyenichapa, hakuna aliyenituma kubeba kitu, na njia nzima nikajiona nimesamehewa, kumbe deni langu amelibeba Atupele.