Matanga ya Mtunzi wa Bombei

Baridi ya Johannesburg, kwangu mimi, inanukia pasi. Pasi ya moto juu ya kitambaa kilichonyunyizwa maji, mafuta ya cherehani, na mafuta ya taa ya lile jiko tulilokuwa tukiwasha kupasha chumba joto. Tulikaa Yeoville, ghorofa ya pili, na sebule yetu haikuwa sebule bali karakana ya Mama: cherehani mbili, marundo ya vitenge vya wateja wake Wakongo, na televisheni nene iliyowekwa juu ya sanduku. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Kiswahili nilikielewa chote, ila kujibu nilijibu kwa Kizulu au Kiingereza. "Zungumza kama mtu niliyemzaa mimi," Mama alikuwa akinikemea. "Eish, Mama," nilikuwa nikimjibu, na mjadala ukaishia hapo.

Cherehani ikilia, sinema ya Kihindi ilikuwa ikicheza. Si kila sinema. Mama alikuwa na mtu wake mmoja, mwongozaji wa zamani wa Bombei ambaye nyimbo za sinema zake alizitunga mwenyewe, na nyumbani kwetu hakuwa na jina jingine ila Mtunzi. Maisha yake niliyajua kabla sijayajua ya wajomba zangu. Alikuwa mtoto wa msaga unga, akaingia Bombei na njaa yake, akaanza kwa kunakili maneno ya waigizaji kwa mkono. Alipopewa sinema yake ya kwanza alisimamisha kazi nzima, waigizaji wamekaa na poda zao usoni, mpaka alipopata neno moja la ubeti wa mwisho. Mvua haikukosekana katika sinema yake yoyote. "Aisifuye mvua imemnyea," Mama alisema, "huyu lazima alilala nje." Kisha watu wakataka ngumi na bastola. Sinema zake mbili zikaanguka, matajiri wakamkimbia, akarudi kutunga nyimbo za sinema za vijana waliokuwa wakimbebea kiti. Sehemu hiyo Mama aliisimulia kwa uchungu, utadhani Mtunzi alitimuliwa kutoka chumba cha jirani yetu.

Hayo yote Mama aliyapata kwa baba yake. Babu, ambaye mimi sikuwahi kumwona, alikuwa akichana tiketi mlangoni mwa sinema moja kule Tanga. Kihindi alikiokota kwa matajiri wake Wahindi. Jumapili alasiri, kwenye onyesho la wanawake, taa zikizimwa alimwingiza binti yake, akamkalisha karibu na mlango, akawa anamnong'oneza maana ya kila wimbo. Miaka mingi baadaye Mama alitutafsiria sisi na wateja wake vivyo hivyo, kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu wa kutunyamazisha.

Babu alifariki mwanzoni mwa baridi ile. Simu ilikuja asubuhi. Mama alisikiliza, akasema "Inna lillahi," akarudi kwenye cherehani. Karatasi zake za kuishi nchini zilikuwa hazijatoka, na angevuka mpaka bila hizo asingeweza kurudi. Baba naye alikuwa mbali, Durban, kwenye kazi ya ulinzi. Tanga wakazika siku ileile, kama ilivyo desturi. Mama hakumwambia yeyote, hata Shangazi Mwanaisha, rafiki yake wa Tanga aliyekuja kila siku kumsaidia kushona vifungo. "Nitakaaje matanga mimi niliyeshindwa kumzika?" aliniambia, mara moja tu. Televisheni ikazimwa. Hakulia, chakula alikigusagusa, na mikono ya magauni akawa anaishona ndani nje. Niliogopa kwamba naye atakufa, na sikujua nimwambie nani.

Siku moja alikwenda Fordsburg, kwenye maduka ya Wahindi, kununua zipu, akarudi mikono mitupu. Mwenye duka alikuwa amempa habari: Mtunzi amefariki, huko Bombei, kwa uzee. Mama alisimama katikati ya chumba na koti lake mwilini, akapiga ukelele. Shangazi alidhani ameungua na pasi. Alipoelezwa sababu alianza kwa kucheka. "Mwenzangu, unamlilia Mhindi wa sinema?" Alipoona si mzaha, akasukuma cherehani ukutani, akatandika mkeka. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kuta za ghorofa lile hazikuficha hata kikohozi. Kwa majirani zetu Wakongo, ukisikia kilio huulizi kwanza: unajifunga kitenge, unachukua kilichopo jikoni, unaingia. Wakaja na sukari, na majani ya chai, na sufuria nzima ya maharage. Shangazi alinitazama kwa hofu. Tutawaambia nini watu hawa?

Mama Furaha, mteja wetu kutoka Bukavu, aliketi karibu na Mama akamshika mkono. "Tulisikia kilio, tukasema hatuwezi baki ku nyumba. Pole sana, mama yangu. Ni nani alikufa?"

Shangazi alifungua kinywa kuomba radhi. Mama akamtangulia.

"Ni baba yangu."

Shangazi alidhani amechanganyikiwa. Akanigeukia, nami nikaitikia kwa kichwa. Basi na yeye akajitupa mkekani, akamkumbatia mwenzake, na kilio kikaanza upya, safari hii cha kweli kwa wote. Matanga yalikaa siku zake tatu. Wanawake ambao hawakuwahi kuiona Tanga walipika, wakaimba nyimbo zao za kanisani kwa sauti ya chini, wakamsikiliza Mama akisimulia habari za baba yake, mchanaji wa tiketi. Siku ya tatu alikula sahani nzima ya wali, nami nikalala usingizi.

Leo ninaishi kaskazini mwa jiji, nyuma ya lango linalofunguka kwa alama ya kidole. Sinema za Mtunzi zimo kwenye simu yangu, na nimesoma kwamba baba yake alikuwa karani, si msaga unga. Babu alitia chumvi. Jirani yetu alipofiwa, habari ililetwa na kundi la simu, sote tukatuma picha ya mshumaa, na hakuna aliyegonga mlango wake. Mwaka huu Mama, karatasi zake mkononi, alisafiri kwenda Tanga. Nilikaa na simu mapajani siku nzima, nikihofu kwamba akifika kaburini atavunjika. Alinipigia alasiri.

"Nimefika. Nimemsomea Yasini. Nimekaa hapa nayangoja machozi, hayaji."

"Kwa nini, Mama?"

"Niliyamaliza Yeoville," akasema. "Na sikulia peke yangu."